Mbuta Aliyemshika Omondi Mguu

Jumanne, Usenge

Eti mbuta! Samaki gani? Ni msuli tu uliomkaza.

Asubuhi, kabla hatujazamia injini ya boti iliyoanguka ziwani, nilikunywa maji ya kutosha nikanyoosha miguu. Omondi, mpiga mbizi mwenzangu, akanicheka. "Mimi nimezaliwa hapa ziwani, bwana. Kunyoosha ni ya watu wa town."

Huko chini alipiga mateke kama mtu anayekimbizwa, mara shavu la mguu likamkaza. Akaanza kutapatapa. Katika giza lile la matope niliogopa sana. Kama mpira wa hewa ungemtoka mdomoni...

Nilishika ncha ya pezi la mpira alilovaa mguuni, nikaisukuma kuelekea kwake huku goti likiwa limenyooka. Polepole msuli ukalegea.

Tulipotoka, akina mama wanaoanika omena, vile vidagaa vya ziwani, walimwona akichechemea.

"Nimeshikwa na mbuta mkubwa kama mlango!" akawaambia.

Mama Atieno akanigeukia mimi. "Alimshika mguu gani?"

"Wa kushoto," nikajibu, na wote walikuwa wanaona anachechemea wa kulia. Walicheka mpaka mmoja akakalia omena.

Jioni Omondi alinivuta kando. "Hiyo kunyoosha inafanywa aje?"

Nilimwonyesha vizuri, na nikamsisitizia maji. Niliongeza jambo moja tu la kwangu: kwamba haifanyi kazi mpaka ifanyiwe pale kwenye omena, mikono kiunoni, ukihesabu kwa sauti.

Amekubali kuanza kesho. Mungu anisamehe, nimeshamwambia Mama Atieno awahi.