Diski Iliyokatikia Kwenye Jina Langu

Kwako kaka Odilo,
Bombambili, Songea.

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wa nyumbani wote, na mama naye anakula vizuri na kulala vizuri. Mimi huku Ujerumani naendelea na kazi yangu ya kutunza wazee, mgongo tu ndio unalalamika kwa kuwanyanyua vitandani. Baridi imerudi. Navaa soksi mbili mbili na bado miguu siisikii.

Najua utajiuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati simu tunazo. Ni kwamba kila nikianza jambo hili kwenye simu, unasema mtandao unakata. Kaka, mtandao ukikata kweli mtu hasikiki akisema "mtandao unakata" kwa sauti safi namna ile. Kwa hiyo barua nitampa yule bruda wa monasteri ya Hanga aliyeniletea diski, wiki ijayo anarudi nyumbani. Nitaifunga kwa gundi na juu yake selotepu. Ikifunguliwa njiani nitajua, ingawa bruda mwenyewe simshuku sana.

Sasa tuje kwenye diski. Video ya sherehe ya mama ya kutimiza miaka sabini mlinitumia kwanza kwa WhatsApp. Ikafika imekamuliwa, uso wa mama vigae vigae, sauti kama anaongea ndani ya debe. Ndipo nikakwambia umwagize fundi Kasiani anitengenezee diski ya kuchezea kwenye deki, aweke ubora wa juu kabisa, asipunguze hata chembe. Ukanijibu kwamba fundi anauliza, "Dada anataka picha kali au anataka muda mrefu?" Mimi nikaona huyo anatafuta njia ya kulipua kazi. Mtu umeshamwambia unachotaka, maswali ya nini? Nikasema kali.

Diski ikafika. Bibi ninayemhudumia ana deki ya zamani, tukakaa wote kuangalia mchana, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye zulia. Picha ni kali, hilo sikatai. Nimeona hata uzi uliochomoza kwenye kitenge cha mama. Nimeona misa, nimeona keki, nimeona ngoma yetu ya lizombe mpaka nikachoka kwa niaba ya wachezaji. Wanapumzika, wanarudi, wanapumzika tena, na fundi hakuacha hata vumbi. Mwishoni kabisa mama akapewa kipaza sauti.

Unajua nilivyokuwa naisubiri sauti ile. Tangu kiharusi kimnyang'anye mama maneno, mwezi mmoja tu baada ya sherehe, hiyo ndiyo sauti tuliyobaki nayo. Akamshukuru padre, akaishukuru jumuiya, akakushukuru wewe. Halafu akasema, "Na Gaudensia, binti yangu aliyeko mbali, huyu mimi..."

Kwisha. Kioo kikarudi kwenye yale maua ya mwanzo. Nikaifuta diski kwa kitambaa, nikairudisha, ikakatikia pale pale. Bibi wa watu akadhani deki yake imekufa.

Huyu mimi nini, kaka? Unajua siku naondoka mama hakunisindikiza stendi. Mlikuja wote, hata jirani alikuja, yeye akabaki jikoni anachagua maharage, hata kichwa hakuinua vizuri. Tangu siku hiyo mnaniambia mama hana kinyongo. Nani alimsikia akisema? Kila nilipompigia mwenyewe nikaulizwa habari za chakula na baridi, basi. Na wewe nilipokuuliza alisema nini kwenye sherehe, ukajibu, "Alikutaja vizuri tu." Vizuri tu ndiyo nini? Mtu akitajwa vizuri huambiwa alitajwaje.

Mimi sasa nakuuliza waziwazi. Ni wewe uliyemwambia fundi akate? Inawezekanaje lizombe libaki lote, na keki yote mpaka makombo, halafu panapofika jina langu ndipo mkasi upite? Kama mama alininyima radhi yake mbele ya watu, niambie. Nitalia, nitanyamaza, nitaamka kesho niende kazini. Lakini kunificha ni kunifanya mtoto, na mimi sipendi.

Kaka, niliishia hapo Jumanne. Leo ni Ijumaa, nimerudi na kalamu nyingine. Kurasa za juu sikuzichana, nataka ujue nilikuwa nimekufikiria nini.

Jana jioni alinipigia shangazi Imelda kutoka Namtumbo. Hata salamu yangu hakuipokea vizuri.

"Gaude, mimi nimewakosea nini nyie watoto wa kaka yangu?"

"Kuna nini tena, shangazi?"

"Odilo kaniletea diski ya sherehe. Naiweka, namkuta wifi yangu yuko katikati anaongea! Misa hamna, keki hamna, lizombe hamna. Na mimi nilicheza pale, kila mtu aliniona! Mmenikata kwa sababu gani?"

"Shangazi, anaanza kwa kusema nini?"

"Anaanza eti 'namjua'. Sasa anamjua nani, mimi nitajuaje?"

"Na juu ya diski pameandikwa nini?"

"Pameandikwa Jubilei, halafu mbili. Odilo kasema ni nakala ya pili."

Nakala ya pili, Odilo! Ile mbili ni sehemu ya pili! Ulipewa diski mbili, ukaona mbili ni ziada, ukamgawia shangazi. Picha ikiwekwa kali inakula nafasi, diski moja inabeba kama saa moja tu, ya kwanza ilipojaa fundi akaendelea kwenye nyingine. Kumbe ndicho alichokuwa anauliza. Hata hivyo sijammaliza huyo Kasiani. Mtu mwenye akili zake hukata pale watu wanapopiga makofi, hakati katikati ya neno la mzazi.

Nikamwomba shangazi aweke simu karibu na spika. Nikamsikia mama.

"...namjua. Msimpelekee maneno yangu kwa mdomo, atasema mmeyatunga. Wewe kijana wa kamera, sogea. Sogea hapa. Gaude, ni mimi mwenyewe. Siku ile sikuja stendi kwa sababu ningekushika nguo, na basi lingekuacha. Radhi yangu unayo, mwanangu, ulitoka nayo hapa nyumbani. Haya, wapeni watu chakula."

Nikamwambia shangazi arudishe, maana kwenye simu mtu anaweza kusikia anachotamani. Akarudisha. Nikamwambia tena. Mara ya tatu shangazi mwenyewe alikuwa analia, kasahau hata lizombe lake.

Sasa sikiliza. Mwambie Kasiani atengeneze upya. Ukali wa picha asiupunguze, apunguze lizombe na keki. Hotuba yote ya mama iingie kwenye diski moja bila kukatika, na umbo la picha asilivute, mama asije akawa mfupi mnene. Video yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera, aiweke kwenye flashi na wewe uifungie kabatini. Kabla ya kumpa mtu wa kuileta, iangalie mwanzo hadi mwisho kwenye deki yenu. Usiniambie umeiangalia kama hujaiangalia. Na shangazi mpelekee yenye lizombe, lote, asije akatutangaza Namtumbo nzima.

Nisalimie wifi, mkeo, ambaye najua anaisoma hii kabla yako. Nisalimie jirani aliyenibebea sanduku mpaka stendi, na mama mwenyekiti wa jumuiya. Wewe nisamehe kwa kurasa za mwanzo, ila ile "vizuri tu" yako bado sijaielewa.

Mama hawezi kujibu, lakini anasikia. Mwinamie sikioni, umwambie Gaude ameamini.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia