Mvua Uliyompimia Baba

Ubelgiji, mwezi wa tatu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Na hapo Likasi, unga unapatikana? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauko sawa, na utaona kwa nini.

Kazi niliyopata ni ya kuandika mvua. Usicheke! Mabwana wa chuo hiki wana programu ya kompyuta inayootesha msitu kwa hesabu: unailisha mvua na joto la kila siku, nayo inakuambia kama miti itakua au itakufa. Faili yake inataka mstari mmoja kwa kila siku. Ukiruka siku moja tu, inagoma. Na daftari walilonipa niligeuze kuwa faili, Mama, ni nakala ya lile la Baba, la kipima mvua cha misheni.

Aliyenitangulia alikuwa ameharibu. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: "Mvula hakuna, andika H." Yule Mzungu akadhani H ni *humide*, yaani unyevu, akajaza mvua kila penye H. Basi msitu wetu ukazama maji mwezi wa saba, kiangazi chote! Nilicheka peke yangu ofisini, wakanishangaa. Nimerekebisha miaka yote, siku kwa siku.

Kisha nikafika kurasa za baada ya Baba kupakiwa kwenye treni pamoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa warudi Kasai, wewe ukaachwa kwa kuwa ni wa hapo. Nilitegemea kukuta nafasi tupu. Nikakuta tarakimu, na saba iliyokatwa tumboni. Mwandiko wako! Mkuu wangu akasema mpimaji amebadilika, kurasa hizo tuzitupe. Nilikasirika, nikaziweka kando ya zile za kipima mvua cha jirani, cha Kapolowe, akaona mwenyewe kwamba mvua zinafuatana. Zimeingia zote.

Lakini najua ulikuwa unampimia nani. Uliniandikia mwaka jana: "Baba yako akirudia, atauliza mvula. Asikute siku ya bure."

Wiki iliyopita nilipata barua ya fundi cherehani aliyekuwa na Baba katika behewa moja. Mama, Baba hakufika Kasai. Aliharisha siku tatu, akafia njiani. Walimzika kando ya reli, kaburi fupi, kwa sababu mvua ilikuwa inajaza shimo kila wakichimba. Ni karibu na kituo gani, fundi hakumbuki. Nimelia, na hata sasa nalia.

Mwite Mama mdogo atoke Kapolowe aje kukaa nawe, umsalimie sana. Mjomba, mvuvi wetu wa ziwa Tshangalele, naye aambiwe. Pasta wa misheni, ninayemheshimu, mwombe muweke kilio hata kama mwili hatuna. Msiogope majirani.

Kile chombo kirudishe misheni. Usimpimie tena, Mama.

Ni mimi bintiyo,
Ngalula