Saa ya Mzee Ibrahimu

Maskati, 11 Februari 2024

Kaka Wili, shikamoo.

Hamjambo huko Pangani? Mama yako Bibiana magoti yake yanamruhusu kutembea? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata, binti yangu Khuloud akija likizo atamletea. Mimi mzima, mafundi wangu wazima, abaya zinashonwa na wateja wanasumbua kama kawaida yao.

Usinicheke kukuandikia kwa karatasi. Simuni siwezi. Ukimtumia mtu neno, hujaweka hata nukta limeshafika kwenye grupu la familia, na kaka Rahimu ameshalijibu.

Jambo lenyewe ni saa ya Baba. Mwaka ule wa 2021 Baba alinipigia mwenyewe, mzima wa afya, sauti kama radi: "Ghanima, ile Rolex yangu nimekupa wewe. Nimemkabidhi Wili akupokelee, ukija uichukue kwake." Mimi nikasema sawa, nikalia kidogo, nikaendelea na kazi. Baba kafariki Novemba hii iliyopita, nikaja kuzika, nikarudi huku. Sikuigusa habari ya saa. Niliona aibu kudai saa watu wakiwa msibani.

Sasa nasikia baada ya arobaini walikaa kikao Usagara, nyumbani kwa Rahimu, wakaitia saa kwenye mirathi. Nikamuuliza Rahimu kwa nini. Kanijibu, "Muulize Wili wako." Kisha kanitumia picha ya saa nyingine, Rolex ya wazamiaji, Submariner hiyo hiyo, anasema ni nzuri kuliko ya Baba, ina hata tarehe. Nichukue hiyo, ya Baba waiuze, kuna Mwarabu wa Dubai anaiulizia.

Nimekuwekea picha humu. Niambie, hii ndiyo nini? Na niambie kikaoni kulikuwaje. Sitaki saa nzuri. Nataka ile aliyonipa Baba, na sitanyamaza.

Mdogo wako,
Ghanima

---

Pangani, 2 Machi 2024

Mdogo wangu Ghanima,

Marahaba sana. Barua yako imefika mkononi, imefunguliwa na mimi mwenyewe, hakuna aliyeisoma kabla yangu isipokuwa Mama, na yeye miwani yake imevunjika kwa hiyo kasoma nusu. Magoti hivyo hivyo. Anasema ukileta dawa ujilete na wewe mwenyewe. Mimi namshukuru Mungu, nazama, natoka. Bado nasafisha matumbo ya boti za Rahimu na kufunga maboya ya wenye hoteli.

Picha nimeiona. Hiyo siyo ya Mzee, na haikaribii. Unakumbuka alivyokuwa akitusomesha hizi saa pale barazani kwake, wewe mwanawe na mimi mtoto wa watu, sisi tunataka kwenda kucheza? Wewe ulikuwa unasinzia. Mimi yaliniingia.

Alisema za kwanza zilitoka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, zikienda maji ya mita mia. Nyembamba, na kile kifungo cha pembeni cha kuwekea majira kiko uchi, kikigonga jiwe basi. Mwaka wa hamsini na tisa wakakitia mabega, chuma huku na huku, kikalindwa. Ya Mzee ni ya ukoo huo: ina mabega, inakwenda mita mia mbili, kioo chake cha plastiki, na haina tarehe. Aliinunua Dubai mwaka wa sabini na nne kwa mshahara wake wa kwanza, alipokuwa akizamia kampuni za mafuta. Mtu akimwuliza mbona haina tarehe, alikuwa anasema, "Mzamiaji anataka dakika. Tarehe ataikuta nchi kavu."

Ya tarehe ilikuja mwaka wa sitini na tisa, na kile kioo kidogo kimevimba juu yake kama jicho la chura. Mzee hakuipenda. Halafu kwenye mwisho wa miaka ya sabini wakatia kioo kigumu kisichokwaruzika, mita zikawa mia tatu, na ile pete ya juu, ya kupimia muda wa kuzama, ikaanza kuzunguka upande mmoja tu. Hapo Mzee alikubali. Alisema zamani pete ilizunguka huku na huku, ukijigonga chini inakudanganya kwamba muda bado upo, kumbe hewa imekwisha. Elfu mbili na tatu wakatoa ya pete ya kijani, kutimiza miaka hamsini. Elfu mbili na kumi pete ikawa ya kauri. Elfu mbili na ishirini wakaipanua kidogo. Mzee akaiona kwenye simu ya Khuloud akasema, "Hii sasa ni sahani."

Ya kwenye picha ina jicho la chura na pete ya kauri. Ni ya juzi juzi tu. Ni saa ya halali, ni ya ghali, lakini haikupata kumwona baba yako.

Ya Mzee utaijua hata katikati ya mia. Nukta zake zimegeuka rangi ya samli.

Msalimie kila anayekujua. Usigombane sana na kaka zako, ndugu ni ndugu.

Kaka yako,
Wilfred

---

Maskati, 17 Machi 2024

Wili,

Nimefunga, kwa hiyo nitasema machache.

Umenieleza saa za miaka sabini, mwaka kwa mwaka, hukusahau hata jicho la chura. Siku moja tu umeiruka. Siku ya kikao.

Nimempigia Ami Wael. Yeye ni mdogo wa Baba, ana miaka themanini na kitu, hana sababu ya kunidanganya. Kasema kikaoni wote walikubaliana: atakachosema Wili ndicho, maana marehemu alimwamini. Na wewe ukasema saa ilikuja kwako kutengenezwa.

Unajua ulichofanya? Kwetu sisi zawadi si zawadi mpaka ipokewe, na aliyetoa awe hai. Ulipoipokea kwa niaba yangu ilikuwa yangu. Ukisema ililetwa kutengenezwa, basi ilikuwa bado ya Baba siku anafariki, na ni mirathi. Neno lako moja limeninyang'anya alichonipa baba yangu.

Tumekula sahani moja jikoni kwa mama yako. Kwa nini?

Ghanima

---

Pangani, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Ghanima,

Eid Mubarak, ingawa imepita. Natumaini ulifungua salama na afya unayo. Mama anakusalimu. Sijamwambia, na nikimwambia atanipiga na mkongojo.

Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaichana. Nimesoma mpaka la saba, hayo unayajua, maneno ya kupamba sina. Nitasema lilivyokuwa.

Mzee alinikabidhi saa barazani kwake kule Bweni, mwaka huo huo wa 2021, asubuhi, kavaa kikoi, anakula muhogo. Aliivua mkononi akasema, "Hii ya Ghanima. Ipokee kwa niaba yake." Nikapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Sema umepokea." Nikasema nimepokea, Mzee. Basi ilikuwa yako tangu hapo. Huo ndio ukweli, na nilikuwa naujua siku ile ya kikao kama ninavyoujua leo.

Amana haitumiwi. Hilo nalo nalijua, kwetu Walutheri na kwenu Waislamu ni lile lile. Nikaitumia. Kwanza niliivaa Jumapili kwenda kanisani. Halafu nikasema nizame nayo mara moja tu, nione alivyokuwa akiona Mzee. Ghanima, kule chini, maji ya kijani, mishale inang'aa kidogo, nilijiona mtu. Nikawa nazama nayo kila siku.

Sasa ngoja nikwambie ilivyoharibika. Unakumbuka Mzee hakufuata saa za redio. Alifuata za wazee: jua likizama, mshale juu ya kumi na mbili. Kila magharibi anafungua kile kifungo cha pembeni, anakivuta, anaisawazisha saa, anakikaza tena. Mimi nikasema nisiivunje desturi yake. Kila adhana ya magharibi ikilia, mimi Mlutheri nakaa mlangoni nasawazisha saa ya Mzee. Siku moja jirani yangu Fanueli akaniita, boti yake inapigwa na wimbi gatini. Nikakimbia. Kifungo sikukikaza. Asubuhi nikazama nayo kufungua mnyororo wa boya.

Nilipotoka kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nikaikausha juani, nikaitia kwenye mchele, nikaipeleka kwa fundi Tanga mjini. Inatembea. Lakini uso umebaki na doa, chini ya sita, la kutu. Halitoki.

Mzee alikuwa bado hai. Sikumwambia. Kila akiniuliza, "Saa ya mtoto salama?" nasema salama, Mzee.

Siku ya kikao niliambiwa nije nayo, Rahimu akaishika akaigeuza. "Hili doa la nini? Marehemu alikuwa anaitunza kama jicho." Watu wote wananitazama. Wapo wajomba, yupo sheikh, yupo Ami Wael. Kinywa kikasema chenyewe: "Ilikuwa imeshaingia maji. Aliniletea niitengeneze." Nimemsingizia maiti, Ghanima. Nimesema Mzee Ibrahimu, aliyezama miaka yote ile, hajui kukaza kifungo. Kuficha doa nikamchafua yeye, nikakunyang'anya wewe. Ile habari ya hiba, zawadi na kupokewa kwake, sikuifikiria wakati ule, lakini hiyo si kinga. Uongo ni uongo hata kama hujui utamwangukia nani. Na baada ya kujua, bado nilikuandikia mambo ya jicho la chura.

Lakini sikiliza. Naomba radhi kwa uongo na kwa amana. Sitainama kwa Rahimu. Nitarudi Usagara, niseme mbele ya wale wale niliowadanganya. Ananipa kazi, najua. Na aiondoe. Boti zake na zioteshe bustani ya mwani chini.

Usinijibu mpaka nimesema.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo,
Wilfred

---

Pangani, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Ghanima,

Salamu nyingi. Hujaniandikia na nilikuomba usiandike, kwa hiyo hatudaiani. Natumaini u mzima. Mama sasa anajua. Mkongojo nilioutaja umefanya kazi yake.

Nimesema.

Rahimu alinizungusha wiki na wiki, mara yuko Dar, mara yuko msibani. Mwisho nikamfuata Ami Wael kwake Pongwe, nikamweleza yote. Mzee wa watu akasema, "Nitawaita mimi. Tuone nani atakuwa Dar." Wakaja wote.

Nikasimama nikasema kama nilivyokuandikia, mpaka muhogo. Rahimu akacheka.

"Wewe Wili, siku ile ulisema hivi, leo vile. Uongo ni upi?"

Nikamwambia, "Wa siku ile. Ule uliokufaa wewe."

"Kakulipa ngapi Ghanima?"

"Hajanilipa. Hajanisalimu hata."

Turki, mdogo wenu, akaguna. Rahimu akainuka. "Jamani, na huyu ni Mkristo. Mirathi ya Waislamu inaamuliwa kwa kauli yake?"

Hapo Ami Wael akagonga meza, chai ikamwagika. "Rahimu! Siku ile aliposema saa ni mirathi, mlisema atakachosema Wili ndicho. Siku ile alikuwa kasilimu? Leo kauli imekugeukia ndiyo unamkumbuka Yesu wake?"

Wakacheka mpaka sheikh. Mimi nilitazama chini.

Sheikh akasema tuache vicheko, akaniuliza mara tatu: marehemu alitamka kuwa ni ya Ghanima? Alikuwa mzima? Uliipokea mkononi? Nikajibu ndiyo mara tatu. Akawageukia kaka zako. "Kushuhudia kwake mtabishana mpaka kiama. Mimi nawauliza nyinyi, warithi, na kila mtu ajibu kwa nafsi yake: alivyoeleza ndivyo alivyofanya baba yenu, au sivyo?"

Turki ndiye aliyeanza. Akasema, "Mimi Baba aliniambia. Aliniambia kampa Ghanima. Nilinyamaza kwa sababu Wili alisema vingine, nikaona pengine alighairi." Rahimu akamtazama nduguye kama atammeza. Lakini mmoja akishasema, wengine watasema nini? Hata Rahimu hakusema sivyo. Alisema tu, "Yule wa Dubai nitamwambia nini?" Ami Wael akamjibu, "Mwambie saa ina mwenyewe."

Rahimu akaitoa mfukoni. Kumbe anatembea nayo. Akaiweka mezani, akaniambia, "Na boti zangu usiziguse tena." Nikamwambia nimesikia. Kwa sasa nasaidiana na Fanueli kwenye maboya. Siku kazi ipo, siku haipo. Usinihurumie, sikuandikii kwa hilo.

Saa sikuichukua. Ami Wael alinisogezea nikakataa, nikasema mkono wangu usiiguse tena. Kaishika Khuloud, aliyeko huku likizo. Ataondoka baada ya Eid ya kuchinja, ataileta. Doa liko pale pale. Fundi wa mjini alisema angeweza kutia uso mpya, nikamkatalia. Kosa langu silifuti kwa hela ya fundi. Ukitaka lifutwe, amua mwenyewe. Ni yako.

Wilfred

---

Maskati, 21 Julai 2024

Kaka Wili, shikamoo.

Hujambo? Mama hajambo? Mwambie mkongojo nimeusikia mpaka huku.

Khuloud alifika, kaniwekea saa juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na makasi. Sikuigusa mpaka mafundi walipokwenda kula. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Mkanda umenilegea, nikaenda kwa fundi wa hapa Mutrah akatoa pingili. Alipoliona doa akatoa macho, "Bibi, nikubadilishie uso, itakuwa mpya." Nikamwuliza, uso wako wewe umeshabadilisha? Akarudi kwenye mkanda wake.

Nikwambie ukweli kama ulivyoniambia. Maji nimekusamehe. Hata Baba angekusamehe maji, angekutukana siku nzima kisha mngekula pamoja. Ule uongo bado. Kuna siku naamka nimeusamehe, ikifika adhuhuri umerudi. Usiniharakishe. Lakini ulirudi kusema mbele ya watu, ukijua utakachopoteza, na kaka zangu wa tumbo moja hawakufanya hivyo mpaka uliposimama wewe. Hilo nalo naliweka kwenye mizani.

Desemba nakuja. Ami Wael kasema nifikie kwake, nimekataa. Nitafikia kwa Mama Bibiana, na atakayekereka akereke.

Rahimu kanipigia juzi. Hakuanza na salamu. "Haya, umeshinda. Saa ya mzamiaji hiyo, na wewe bahari unaitazama dirishani, kazi yako sindano. Sasa utaivaa wapi?"

Nikamwambia, "Mkononi."

Mdogo wako,
Ghanima