Saa Kumi na Moja ya Kitabuni

Jumatatu, 18 Januari
Nimeshona kola tangu asubuhi. Shule zinakaribia kufunguliwa, na kila shule ya Old Kampala inataka sare zake kwanza. Saa kumi na moja Madamu mwenye karakana kagonga kengele, nikafungua kitabu cha mahudhurio, nikaandika kwamba sote watano tumetoka. Kisha tukarudi kwenye vyerehani hadi saa moja na nusu. Hiyo Madamu anaiita kumalizia. Kumalizia hakulipwi, eti sisi ni familia. Kitabu naandika mimi kwa sababu mwandiko wangu umenyooka. Ndicho anachowaonyesha watu wa ofisi ya kazi ya serikali wakija kukagua. Kurasa zina namba.

Jumatano, 20 Januari
Furaha, yule Mkongo tunayeketi naye, amerudi kazini. Mtoto ana miezi miwili. Anamwacha kwa jirani huko Kansanga. Wakati wa kumalizia, gauni lake lililowa kifuani. Akaninong'oneza, "Mama Stela, maziwa inamwangika bure. Niko mtu ao ng'ombe?"

Tulicheka. Halafu mimi sikucheka tena. Rozari imenishinda leo. Kila nikifika Salamu Maria ya tatu nakiona kitabu.

Alhamisi, 21 Januari
Tumemalizia hadi saa mbili kasoro. Miguu imevimba. Nina hasira, na sijui niungame hasira au niungame ile saa kumi na moja. Miaka minne naiandika. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Ijumaa, 22 Januari
Leo kengele ilipolia Furaha alisimama, akachukua mkoba, akatoka. Hakuaga. Kwa mshangao hata kitabu sikukifungua.

Madamu alisubiri mpaka tulipomaliza, saa moja na dakika ishirini. Ndipo akaniita mezani. Niandike kwamba Furaha alitoroka saa tisa, apate sababu ya kumwachisha kazi. Nikamwambia, "Lakini ametoka saa kumi na moja, Madamu. Kama sisi sote kitabuni."

"Bambi, tafadhali, Mama Stela. Wewe mtu wa kanisa, usinisumbue. Andika."

Nikaandika. Furaha, saa kumi na moja. Sisi watano, saa moja na dakika ishirini. Nikamgeuzia kitabu. Alisoma mara mbili, akakichukua pamoja na kalamu yangu.

Naogopa. Nikifukuzwa, Stela hamalizi shule. Ee Mama Maria, sikupanga. Mkono ulikataa tu.

Jumamosi, 23 Januari
Nusu siku. Furaha alikuja kama kawaida, ameshafunga kitambaa kichwani, tayari kwa vita. Madamu alimtazama, akatutazama sote, akamtupia kitambaa cha sketi akate. Ukurasa ule hauchaniki, namba yake itakosekana, na yeye anajua.

Jumatatu, 25 Januari
Kitabu sasa anaandika mwenyewe. Hajanisalimia tangu asubuhi.

Kengele ikalia. Furaha akasimama. Nami nikasimama. Wale wanne walibaki wameinama. Siwalaumu, nilikuwa hivyo hivyo juzi.

Nje kulikuwa na jua. Nilikuwa nimesahau kwamba saa hiyo huwa kuna jua. Sikujua niende nalo wapi. Nikapanda hadi kanisani Nsambya, nikakaa benchi la nyuma. Rozari nimeimaliza yote.

Nilipofika nyumbani mapema vile Stela aliniangalia, akaniuliza kama naumwa.