Fomu ya Udaktari na Siku Kumi za Eda

Jumatatu, 14 Mei 1979
Siku ya tisini na tatu ya eda. Nimechambua mchele, nimeosha vyombo, nimekunja nguo nyeupe zile zile. Nimesoma habari za figo tena. Nazijua kuliko ninavyoukumbuka uso wa marehemu mume wangu Athumani, na hilo linanitia aibu.

Miaka minane nimekuwa nesi wa zahanati ya uzazi. Nimewashikia taa madaktari waliokosea mshono, nikasema asante daktari. Mtihani wa kidato cha sita niliusomea peke yangu nyumbani, nikapita. Mwaka wa kwanza Athumani aliniambia ningoje binti yetu Salma aache ziwa. Wa pili, ningoje duka litulie. Mwaka huu akasema haya, omba. Februari akafa.

Nimemkasirikia maiti. Astaghafiru.

Jumatano, 16 Mei
Mwende amekuja baada ya zamu. Nesi mwenzangu, Mkamba, hajui kuficha neno. Ameniletea fomu ya chuo cha udaktari. Mwombaji afike mwenyewe na vyeti halisi, atie sahihi mbele ya karani. Mwisho Ijumaa, tarehe nane Juni. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Mimi nina thelathini na minne.

Eda yangu inaisha tarehe kumi na nane. Siku kumi baadaye, na mwenye eda hukaa ndani.

Mwende kahesabu kwa vidole, kisha akanitazama. "Si uende tu, Mama Salma. Ni asubuhi moja. Saa sita ushafika kwa nyumba."

Kwake rahisi.

Jumamosi, 26 Mei
Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilisoma. Mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Lakini nyumba hii si yangu, ni ya mama mkwe, na mama mkwe haulizwi jambo zito uso kwa uso na mke wa mwanawe. Hutumwa mtu. Ndivyo walivyo hawa, na ndivyo nilivyolelewa na mimi. Basi nimemtuma wifi yangu Rukia.

Rukia karudi jikoni, akaendelea kukuna nazi. Nikamuuliza, je? Akasema mama amenyamaza.

Kimya cha mama mkwe nakijua. Miaka kumi na mmoja nimekinywa pamoja na chai yake. Subira huvuta heri, walinifundisha. Yangu imevuta mvi.

Jumapili, 3 Juni
Fomu nimeijaza kwa penseli, ili iweze kufutika. Hata kalamu ya wino naiogopa.

Nikitoka, mtaa wote wa Mbotela utajua kabla sijafika Jogoo Road. Watasema mjane wa Athumani alikuwa akingoja tu afe. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nangoja kweli. Si afe. Aseme haya.

Nitakwenda Alhamisi. Nimeamua.

Alhamisi, 7 Juni
Nilivaa. Vyeti ndani ya bahasha, bahasha ndani ya buibui. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, tasbihi mkononi. Akaniangalia viatu. Akaviangalia sana. Neno hakusema.

Nilisimama pale kama mwizi. Kisha nikarudi ndani nikavua.

Kesho.

Ijumaa, 8 Juni
Sikwenda.

Nimepika maharage, yameungua. Salma kaniuliza kitu, nikamfokea bure. Saa kumi na moja karani atakuwa amefunga dirisha lake. Nawachukia wote. Athumani kwa kufa. Rukia kwa nazi yake. Mama mkwe kwa macho yake. Mwende alibisha jioni, nikajifanya nimelala.

Jumatatu, 18 Juni
Nimetoka eda. Wamenikosha, wamenivisha kanga mpya, wamenifukiza udi. Jirani wamekuja kula pilau.

Mwende naye alikuja. Huyo hatumi mtu. Aliniuliza mbele ya wote kama fomu niliipeleka. Nikasema sikuweza, nilikuwa na eda.

Mama mkwe akainua uso. "Kwani nani alikuzuia?"

Nikamtazama Rukia. Mama mkwe akaendelea.

"Baba yake Athumani alipokufa nilikuwa na watoto watano. Siku ya ishirini nilikuwa stendi, nauza mahamri. Rukia aliponiletea habari yako nilinyamaza. Ningekuwa nakataa, ningesema."

Nikamuuliza mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe. Na siku ile mlangoni?

Akasema kisigino cha kiatu changu kilikuwa kimelegea. Aliogopa nitaanguka njiani.

Watu wakarudi kwenye pilau. Mimi mkono wangu ulibaki sahanini. Mwali akiulizwa akanyamaza, ndoa hufungwa. Hilo nalo nilisoma chuoni, tangu mtoto. Nililijua.

Afadhali angenizuia. Ningekuwa na wa kumlaumu. Hata Athumani, nikikumbuka vizuri, alisema ningoje. Hakusema usiende. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kungoja.

Jumanne, 19 Juni
Asubuhi nimepeleka viatu kwa fundi. Ni kweli, kisigino kilikuwa kinashikiliwa na msumari mmoja.

Fomu ya mwaka huu haifai tena. Hata hivyo nimefuta penseli yote, nikajaza upya kwa wino. Kwenye umri nimeandika thelathini na mitano, ndio nitakaokuwa nao mwakani. Nafasi moja ya kuomba imebaki. Kesho narudi kazini, zamu ya saa moja.

Jioni chai ya mama mkwe nimempelekea mimi, si Rukia. Nimemwambia mwakani, mwezi wa sita, nitakwenda chuo cha udaktari kupeleka fomu.

Akanyamaza.

Nikammiminia chai.