Nimelishtaki Fuso la Baba Mbele ya Mtaa Mzima

Jumamosi, jioni. Huku mtaani kwetu Sekei kuna baridi, mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nina furaha mpaka nashindwa kukaa kitako!

Leo watu wa mtaa tumekutana ukumbini kutoa maoni kuhusu rasimu ya sheria ndogo ya moshi wa magari. Magari ya dizeli yatapimwa moshi, na itakuwa marufuku kuacha injini ikinguruma kwenye makazi ya watu. Afisa wa jiji alipokisoma kifungu hicho nusura nipige vigelegele.

Nikiri tu, jiji sikuliwaza hata kidogo. Nilimuwaza Neema, binti yangu wa miaka sita mwenye pumu.

Tunaishi kwa Baba. Ana lori, Fuso la kubebea ndizi kutoka Kikwe, na kama madereva wengi wa zamani wa huku kwenye baridi, anaamini injini isipopashwa moto nusu saa kila alfajiri itakufa. Moshi wote unaingia chumbani kwetu. Mimi huziba chini ya mlango kwa kanga, kisha natoka kumpa shikamoo na kumtakia safari njema.

Miaka mitatu hivyo. Mwoga mimi!

Leo Baba aliaga anakwenda Kikwe, basi nikasimama kifua mbele. Nikasema kuna mzee mmoja, simtaji jina, ana Fuso. Nikaeleza mtoto anavyovuta pumzi mabega yakipanda. Watu wakaanza kugeuka nyuma, nami nikageuka.

Baba alikuwa mlangoni mwa ukumbi, kofia mkononi.

Nilitamani ardhi inimeze. Akatembea taratibu hadi mbele, akamwambia afisa, "Hilo Fuso ni langu, na huyu ni mwanangu. Hicho kifungu kiacheni kama kilivyo." Ukumbi mzima ukapiga makofi, nikalia kama mtoto.

Rasimu bado itakwenda kwa madiwani, na huenda wakaipunguza makali. Leo sijali! Nimerudi nyumbani nikakuta Fuso limeegeshwa kule chini barabarani, na Baba anamwomba Neema amwonyeshe dawa yake ya kuvuta inavyotumika.

Akaniuliza jambo moja tu: "Kumbe pumu humbana alfajiri?"

Nilikuwa nasubiri sheria imwambie Baba jambo ambalo ningemwambia mwenyewe kwa sentensi moja, tukinywa chai. Ni mangapi mengine nimeyanyamazia humu ndani?