Siku Mama Alipopimwa

Matisi, Kitale
Agosti 2007

Kwako Mama Mdogo Khairunisa,

Sisi tupo, na mdogo wangu Daud ameota jino la mbele.

Mama hukuambia kwa simu kwamba alishapona. Hajapona. Tangu presha imwangushe, upande wote wa kulia hauna nguvu.

Wakili Muchiri, yule anayesaidia walemavu, alisema Mama akipata kadi ya ulemavu ataombewa kiti cha magurudumu, arudi kuuza mahamri karibu na msikiti. Alimwonya, "Mama Nasro, huko kwa daktari usieleze siku nzuri. Eleza ile mbaya."

Jumanne Mama akavaa buibui jipya, tukaenda.

"Mama, unaendeleaje?" daktari akauliza.

"Mzima, alhamdulillahi."

"Kuoga je? Kuvaa?"

"Si najifanyia tu, daktari."

"Basi nitaandika huna ulemavu."

Unanijua, hata darasani sisemi. Lakini niliona kiti kinatuponyoka. Nikaangalia sakafu nikasema, "Mimi ndiye humwogesha. Hata choo, mimi humpeleka."

Daktari akafuta aliyoanza kuandika. Kadi tutapewa, lakini Mama hakuniongelesha siku mbili. Nililia jikoni, nikaona ni kama nimemvua nguo mbele ya watu.

Leo asubuhi nikasikia, "Nasro! Njoo unifunge vifungo. Na usikaze shingoni, wewe."

Tafadhali usimwambie nimekuandikia. Naona siku si nyingi atakuambia mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Nasro